Wapenzi wa tamthiliya za anga mlioko Tanga: ipi kati ya hizi inaujua umbali?

#1 MwanaNahodha (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Natokea Raskazone.

Juzi tulikaa barazani Ngamiani, barabara ya 8, watu watano na birika moja la kahawa. Mabishano yalianza baada ya isha yakaisha saa 6 usiku: katika tamthiliya zote za sayansi ya kubuni, bora ni ipi? Mmoja alisema Star Trek, mwingine Doctor Who, wa tatu akashikilia Battlestar Galactica mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilitaja The Expanse. Nikaulizwa sababu. Kila nikifungua mdomo napokonywa maneno, kwa hiyo sababu naileta hapa niieleze kwa nafasi.

Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi, akipakia mbao na nazi kati ya Tanga, Pemba na Mombasa. Nyumbani kwetu hatukuuliza Mombasa ni maili ngapi. Tuliuliza upepo gani. Kusi likivuma, unakwenda Mombasa kama unasukumwa na mkono wa mtu, ila kurudi ni kwenda bisho mchana kutwa, unakata huku unakata kule, jioni unatazama ufukwe na mnazi ule ule ulioupita asubuhi bado uko pale. Kaskazi likigeuka ndipo mambo nayo yanageuka. Nikiwa darasa la tatu alikwama Mombasa, kusi limekaza, na kwa siku 17 hatukujua kama yu hai. Mama alikuwa akitoka alfajiri kwenda kuangalia matanga yanayoingia ghubani. Hakuwa na simu, na hata angekuwa nayo asingekuwa na wa kumpigia.

Sasa nirudi kwenye tamthiliya. Nyingi ya hizi za anga, chombo kinakwenda popote kwa kubonyeza kitufe. Nahodha anaamuru, nyota zinanyooka kama mvua kwenye kioo, wamefika. The Expanse haifanyi hivyo. Injini ikiwaka watu wanakanyaga sakafu, ikizimwa wanaelea. Wakifika nusu ya safari wanaizima, wanageuza chombo shetri, yaani nyuma yake, itazame wanakokwenda, wanaiwasha upya kupunguza mwendo mpaka wafike. Yaani nusu ya safari wanaongeza mwendo na nusu ya pili wanashika breki. Kila mwendo unalipiwa na mwili. Wakikimbia sana wanachomwa sindano ya dawa ili mishipa isipasuke, na bado wapo wanaokufa kitini.

Kuna kisa katika msimu wa 2 cha yule aliyegundua injini yao, Solomon Epstein. Anaijaribu peke yake, injini inakuwa na nguvu kuliko alivyodhani, inamgandamiza kitini, mkono hauwezi kuinuka kufikia swichi ya kuzima. Ugunduzi umefaulu na mwenyewe amekwisha. Nilipoiona sehemu ile nilisimamisha picha, nikatoka nje kuvuta hewa.

Lakini kilichonishika zaidi ni ujumbe. Mtu wa Dunia akitaka kusema na mtu aliye mbali hapigi simu. Anajirekodi, anatuma, anangoja. Jibu linakuja baada ya saa. Nimewaona watu wa kule wakirudia kuitazama rekodi ya mtu wao kwa sababu mpya haijafika, nikamwona mama yangu yuko ufukweni.

Tamthiliya hiyo ilianza 2015, ikaisha mwanzoni mwa 2022, misimu 6, sehemu 62. Kituo cha kwanza kiliikata 2018 baada ya msimu wa 3, wapenzi wake wakakodi ndege ndogo ikapita juu ya studio za Amazon ikivuta bango la kuomba iokolewe. Ikaokolewa. Kwangu mimi hiyo ndiyo bora. Leteni zenu.

#2 SitiYaMbele

Nimekaa. Endeleeni.

#3 FundiRedio

Mkuu mleta uzi, umeeleza vizuri, na mimi ndiye yule wa Star Trek wa barazani, ile ya mwanzo kabisa, 1966 hadi 1969, sehemu 79. Ninazo zote kwenye fleshi, na kijana yeyote anayeleta redio yake kibandani kwangu akangoja, namwekea moja.

Nisikilizeni kwanza. Mimi ni fundi redio kwa miaka 22. Kwenye chombo kile kuna nahodha, kuna tabibu, kuna yule mwenye masikio ya ncha, Spock, na kuna mwanamke mweusi amekaa kwenye mtambo wa mawasiliano, kifaa sikioni. Jina lake Uhura. Mnajua jina hilo limetoka wapi? Nichelle Nichols alikwenda kwenye usaili akiwa na kitabu mkononi, na jina la kitabu kile lilikuwa neno letu, Uhuru. Mtunzi wa tamthiliya, Gene Roddenberry, akalipenda, wakalilainisha mwishoni likawa Uhura. Baadaye akapewa na jina la kwanza, Nyota. Nyota Uhura! Na kwenye hadithi yenyewe lugha yake ya kuzaliwa ni Kiswahili.

Tena wanakisema. Katika sehemu moja ya 1967, The Changeling, mtambo mmoja unamfuta kumbukumbu zote. Wanamkalisha kumfundisha kusoma upya kama mtoto wa chekechea, na akikwama kwenye Kiingereza kinachomtoka mdomoni ni Kiswahili. Lafudhi si ya Tanga wala ya Mvita, sikatai. Lakini fikirini ni mwaka gani. 1967 hata Azimio la Arusha lilikuwa bichi, na huko Marekani kuna runinga inamwonyesha mwanamke wa karne ya 23 ambaye ukimwondolea yote aliyojifunza, chini kabisa kinabaki Kiswahili.

Kuna sehemu nyingine ya mwaka huo huo mtambo wake unaharibika, anafungua mwenyewe na kuunganisha nyaya kwa mikono yake, na Spock anamwambia hakuna mwingine anayeiweza kazi ile kuliko yeye. Binti yangu ana miaka 14. Aliitazama sehemu ile, kesho yake akaniomba nimfundishe kushika chuma cha kulehemu nyaya. Sasa anarekebisha spika vizuri kuliko mimi. Mambo ya chombo kuwahi kufika yasikusumbue, mkuu. Angalia nani amepewa kiti.

#4 BintiPangani

Fundi, umenitoa machozi na hilo la binti yako. Mpe hongera zangu.

Niongeze kwako kidogo: baada ya msimu wa kwanza Nichols alitaka kuacha arudi jukwaani kwenye maigizo na nyimbo. Aliyemzuia ni Martin Luther King. Alimwambia asiondoke, kwa sababu watu weusi walikuwa wanajiona mle kwa mara ya kwanza jinsi wanavyostahili kuonekana. Akabaki. Kuanzia 1977 akawa anaifanyia NASA kazi ya kutafuta wanawake na watu wasio weupe wa kwenda anga za juu. Na Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika huko, Septemba 1992, alikulia kwenye kumtazama Uhura. Mwaka uliofuata akaigiza kidogo kwenye Star Trek yenyewe. Mimi nikifika hapo huwa naona mabishano ya bora ni ipi yamekwisha, maana ni tamthiliya gani nyingine imepandisha mtu angani kweli?

Ila nina neno na mleta uzi. Kaka yangu, unaisifu The Expanse kwa kuheshimu umbali. Na lile lango la msimu wa 3? Wanafungua mlango mmoja, upande wa pili kuna njia za kwenda kwenye nyota zaidi ya 1,300. Umbali umeishia wapi pale? Si ndiyo kitufe kile kile cha Star Trek, kimekuja kwa mlango wa nyuma?

Halafu ndani ya Star Trek zenyewe wengi wenu mnaitazama ya meli na kuiruka ya bandari. Nazungumzia Deep Space Nine, 1993 hadi 1999, sehemu 176. Chombo hakiendi popote. Ni kituo, kimekaa pale pale, na walimwengu wanakuja: wafanyabiashara, wakimbizi, wapelelezi, mashekhe wa dini yao, wacheza kamari. Mimi nimezaliwa Pangani na nimeolewa Tanga mjini, maisha yangu yote nimekaa mahali ambapo watu wanashuka na kupanda. Waja leo waondoka leo. Hiyo ndiyo tamthiliya yangu.

Na yupo Kira. Kituo kile kilijengwa na Wakardasia walioitawala sayari ya Bajori kwa takriban miaka 50, kwa jasho la Wabajori waliolazimishwa kazi. Mkoloni anaondoka, jengo linabaki. Kira alikuwa mpiganaji wa msituni tangu utotoni; sasa anafanya kazi ya ofisi ndani ya jengo la waliomuulia ndugu zake, anapita kila siku kwenye korido zile zile. Anachukia kuta, na anazilinda, maana sasa ni zao. Nikipita stesheni yetu ya reli, reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa Tanga 1893, nasema moyoni, Kira angeelewa. Babu yangu alibeba mataruma ya reli ile walipokuwa wakiitengeneza, na mimi nimepandia treni hapo hapo kwenda shule. Vitu hivyo viwili vinakaa katika mtu mmoja bila kupatana, na tamthiliya ile haikulazimisha vipatane.

#5 KorogweStendi

Naunga mkono Deep Space Nine. Sisko, mkuu wa kile kituo, anavyomlea mwanawe peke yake baada ya mke kufa, sijaona baba kama yule kwenye tamthiliya yoyote, iwe ya anga iwe ya ardhini.

#6 MwanaNahodha (mleta uzi)

Dada Pangani, swali la lango umenibana nalo, nalikubali kwa nusu. Ni kweli lango linakata umbali. Lakini angalia wanavyoliingia. Yule kijana wa mashindano aliyelikimbilia kwa mwendo wake wote, ndani kuna kikomo cha kasi, chombo kikashikwa kikasimama ghafla, mwili wake haukusimama. Watazamaji wote wa ulimwengu ule walijifunza siku hiyo kwamba hata mlango wa ajabu una sheria. Mlango wa bahari pia uko hivyo, unaingia kwa adabu, ukifuata maji yanavyotaka.

Na kuhusu bandari, The Expanse inayo bandari yake pia. Wana wa Ukanda, waliozaliwa kwenye vituo na mawe yanayozunguka kati ya Mirihi na Mshtarii, wana lugha yao. Haikubuniwa kiholela, aliajiriwa mwanaisimu, Nick Farmer, akaitunga kutokana na lugha nyingi, jinsi ambavyo ingezaliwa kweli kama wafanyakazi wa mataifa mbalimbali wangetupwa pamoja vizazi kadhaa. Hata ishara zao za mikono zina sababu: ndani ya suti za angani uso hauonekani, kwa hiyo ndiyo na hapana husemwa kwa mkono. Mara ya kwanza kuwasikia nilicheka kwa furaha. Nahodha na bandari tumezipata kwa Waajemi, meza na gereza kwa Wareno, shule kwa Wajerumani, na zote tukazivika sarufi yetu ya Kibantu zikakaa kama zilizaliwa hapa. Sisi tunaijua lugha ya namna hiyo inavyoonja.

#7 TichaMuheza

Nafundisha fizikia sekondari, na uzi huu ningeutamani darasani. Niweke hesabu mezani.

Mirihi iko mbali kwa wastani wa kilometa milioni 225 hivi kutoka kwetu. Hubadilika sana kwa kuwa sayari zote mbili zinazunguka. Chukua chombo cha mleta uzi, kiongeze mwendo kwa kiasi kile kile ambacho Dunia hutuvuta, mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, nusu ya njia, kigeuke, kipunguze kwa kiasi kile kile. Utafika kwa siku tatu na nusu. Pale katikati unapogeuza shetri utakuwa unakwenda takriban kilometa 1,480 kila sekunde. Sasa linganisha na chombo halisi: Perseverance ilirushwa tarehe 30 Julai 2020 ikatua Mirihi tarehe 18 Februari 2021, karibu miezi 7. Tofauti yote iko kwenye mafuta. Vyombo vyetu vinawasha injini kwa dakika, halafu vinaelea miezi. Vya kwenye tamthiliya vinawasha siku nzima, na injini ya hivyo hakuna. Hilo ndilo jambo kubwa walilobuni. Wakishakupa hilo, mengi wanayafuata kwa hesabu sahihi. Huo ndio uandishi ninaouheshimu: omba uongo mmoja, kisha ukae nao kwa uaminifu.

Hata ujumbe umepimwa. Mwanga kutoka hapa hadi Mirihi unachukua dakika 3 sayari zikikaribiana, hadi dakika 22 zikiwa pande mbili za jua. Salamu na jibu lake ni mara mbili ya hapo.

Wamekosea sehemu moja kubwa, na nasema kwa sababu napenda kazi yao. Ceres, moja ya yale mawe ya Ukanda. Wanasema walilizungusha jiwe lile ili watu wa ndani wapate uzito, karibu theluthi moja ya uzito wa hapa. Ceres ina kipenyo cha kilometa 940 hivi, na mvuto wake wenyewe haufiki hata sehemu ya 30 ya wetu. Ukilizungusha kwa kasi ya kutoa theluthi moja, nguvu ya kulirusha nje inazidi kwa mbali nguvu ya kulishika pamoja. Lingesambaratika kama tope kwenye gurudumu la baiskeli. Wanafunzi wangu wa kidato cha 5 walikokotoa wenyewe, nikawapa soda.

Kwa wapenda hesabu kuna nyingine mnayoisahau: Babylon 5. Mwandishi wake, Straczynski, aliipanga mapema iwe hadithi moja ya miaka 5, yenye mwanzo, kati na mwisho, wakati ambapo runinga ya Marekani ilizoea kisa kuanza na kuisha ndani ya saa moja. Katika sehemu 110 aliandika 92 kwa mkono wake. Kituo chao kinazunguka ili watu wakanyage chini, na ndege zao ndogo za vita ndizo za kwanza nilizoona runingani zikizima injini, zikageuka na kupiga nyuma huku zikiendelea kuteleza mbele. Picha za kompyuta zimezeeka. Hadithi ya Londo na G'Kar, maadui wawili wanaobadilishana nafasi ya mwonevu na mwonewa polepole kwa miaka mitano, haijazeeka hata siku moja.

#8 KijanaMakorora

Shikamoo mwalimu, shikamooni wakubwa wote.

Mimi mdogo hapa na ndiye mtu wa Doctor Who. Najua hesabu zake hazikubali, chombo chake ni kibanda cha polisi cha bluu, nje padogo ndani pakubwa, kinakwenda zama yoyote. Siipendi kwa hesabu. Ilianza tarehe 23 Novemba 1963 na bado watu wanaibishania, kwa sababu ya jambo moja walilolifanya 1966. Mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, afya yake ilidhoofika. Badala ya kuifunga wakasema huyu mhusika akifikia kufa mwili wake hujibadili, anakuwa mtu mwingine, kumbukumbu ni zile zile. Ukiipenda lazima ujifunze kuaga. Kila miaka michache anakufa umpendaye, anakuja mgeni unayemchukia, na baada ya sehemu tatu unamlilia. Mimi nilimpoteza kaka yangu 2019. Siwezi kueleza zaidi ya hapo.

Na mhusika huyo katika sura yake ya 15 alikuwa Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Rwanda, familia yake ilikimbilia Scotland wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Mtoto wa Kigali, jirani yetu, aliendesha kile kibanda.

Jambo jingine ambalo huwa nalisimulia sana. BBC zamani walikuwa wanafuta kanda au kutupa filamu, sehemu nyingi za miaka ya 60 zikapotea. Mwaka 2013 zikatangazwa 9 zilizokuwa zimepotea kabisa zimepatikana. Wapi? Jos, Nigeria, kwenye kituo cha runinga, zimekaa stoo. Uingereza walitupa, Afrika ikahifadhi.

#9 FundiRedio

Kijana, pole sana kwa kaka yako. Na hilo la Jos nilikuwa silijui. Nina maboksi ya kaseti za watu waliokufa zamani, walileta redio na kaseti ndani hawakurudi kuchukua. Sijatupa hata moja. Kuanzia leo nitaziandika majina.

#10 MzeeWaKahawa

Wanangu, nimesoma yote. Nimestaafu ualimu wa Kiswahili, wajukuu wamenifundisha kuingia humu.

Mnazungumza kana kwamba mambo haya yameanzia Marekani na Uingereza. Mtu wa kwanza kunipeleka angani alikuwa wa hapa hapa Tanga, Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 kwenye kijiji cha jirani. Kitabu chake cha Kusadikika kilitoka 1951, miaka 15 kabla ya huyo Uhura wenu, na nchi anayoisimulia inaelea angani. Haikai juu ya ardhi. Inatuma wajumbe pande zote: mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mwingine mbinguni, mwingine huku chini ardhini kwetu. Kila mjumbe anakwenda, anapata taabu, anarudi na habari ya kuifaa nchi yake, na malipo yake ni gereza. Yote haya yanasimuliwa mahakamani na kijana Karama, anayeshitakiwa kwa kosa la kufundisha watu sheria.

Mleta uzi, wewe unauliza umbali unagharimu nini. Shaaban aliuliza gharama ya kurudi. Wajumbe wake njia hawakushindwa nayo. Walishindwa na wenyewe nyumbani. Na mwalimu wa Muheza anasema omba uongo mmoja ukae nao kwa uaminifu. Huyu aliomba mmoja tu, nchi ya angani, na kila kilichobaki ni kweli tupu ya watu na watawala.

Mkipata nafasi someni pia Walenisi ya Katama Mkangi, Mkenya, ya 1995. Mtu anahukumiwa kufa kwa kutiwa ndani ya chombo cha kurushwa angani, parakanga, asirudi. Chombo kinamfikisha kwenye nchi nyingine yenye watu wa utu. Neno parakanga peke yake linanitosha kuona kwamba lugha yetu inaweza kuunda chombo chake bila kuazima.

#11 TichaMuheza

Marahaba kwa kijana, na shikamoo mzee wangu. Nakala za Kusadikika tunazo nane maktaba ya shule. Muhula ujao naomba uje Muheza uwasomee kidato cha 5, mimi niwape hesabu ya nchi inayoelea. Nauli na chakula juu yangu.

#12 MzeeWaKahawa

Nitakuja, mwanangu. Nitakuletea na ile nakala yangu ya zamani waione.

#13 BintiPangani

Nilikuwa nimemaliza, lakini neno la mzee la gharama ya kurudi limenirudisha.

Mleta uzi, nakuomba kitu kimoja. Umesema Star Trek ni kitufe tu. Kuna moja ambayo kitufe hakisaidii, inaitwa Voyager, 1995 hadi 2001. Chombo kinatupwa ghafla mbali na nyumbani, umbali ambao mwanga huchukua miaka 70,000 kuukata. Kwa mwendo wao wa kasi kabisa, kurudi ni miaka 75. Wengi wao wangefia njiani, na wanajua. Kwa miaka ya mwanzo nyumbani wamekwisha kuandikwa wafu.

Tafuta sehemu ya msimu wa 4 iliyotoka 1998, jina lake Hunters. Wamepata mtandao wa mitambo ya kupokezana mawasiliano, mali ya watu wengine na ya hatari, na kupitia huo barua zinaanza kuingia kutoka nyumbani, moja moja, zikiwa zimekatikakatika. Hakuna vita kubwa ya kutaja. Ni watu wazima wamesimama kwenye korido wakingoja kuitwa majina. Nahodha mwenyewe, Janeway, anapata barua ya mchumba wake: alimngoja, akakata tamaa, ameoa. Kijana Harry anahangaika hajaitwa. Tom Paris alikosana na baba yake zamani, anaambiwa barua ya baba imeanza kuingia, naye anajifanya haimhusu. Itazame, kisha urudi hapa useme kama hawa hawaujui umbali.

#14 KorogweStendi

Hunters. Nilikuwa nimeisahau. Naitafuta leo leo kabla bando halijaisha.

#15 MwanaNahodha (mleta uzi)

Wakuu, nilikawia kurudi. Nilikwenda kwa Fundi Ngamiani, akanipa ile sehemu, hakutaka hela.

Jana baada ya isha niliitazama na mama. Kiingereza hajui, kwa hiyo nilikuwa namfasiria kidogo kidogo, nikisimamisha kila mtu anaposema. Mambo ya mitambo hakuyauliza. Alipoona watu wamesimama korido akaniambia, hawa wana wao wako safarini. Nikamwambia hapana mama, hawa ndio walioko safarini, nyumbani ndiko barua zinakotoka. Akanyamaza kitambo, akasema, basi kumbe na wao wanangoja.

Mimi sikuwahi kuliwaza hilo. Maisha yangu yote kisa cha siku 17 nimekisimulia kutoka ufukweni. Sikuwahi kukaa mle jahazini Mombasa na baba, nikingoja.

Mtandao ulipoharibika na barua ya yule Tom isimfikie, mama akauliza, na ya huyu? Nikamwambia imepotea. Ndipo akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza: kwamba mwaka ule baba aliporudi, kitu cha kwanza alichouliza mlangoni ni kama barua ilifika. Alikuwa ameiandikisha kwa karani wa bandarini, akampa nahodha wa chombo cha Wapemba kilichokuwa kinajaribu kushuka kwa bisho. Haikufika, na baba hakusema ndani aliandika nini. Mama naye hakuuliza, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake mzima. Baba amefariki 2008.

Akaniomba nirudishe nyuma pale kijana anapoambiwa habari ya barua ya baba yake. Tumeitazama mara tatu.

Dada Pangani, nimeitazama na nimerudi. The Expanse siiachi, lakini la kitufe nimelifuta. Fundi, kesho asubuhi nitapita na fleshi kubwa, niwekee Voyager yote kuanzia sehemu ya kwanza. Mama anasema anataka kujua kama walifika.